Mlo usio na nyama, na mla nyama akashiba

Mwandalie mwanamume aliyelelewa Ndanai sahani ya ugali na sukuma wiki jioni, bila kitu kingine, kisha umtazame. Atakula, atashukuru, na baada ya saa moja utamsikia jikoni akifungua kabati akitafuta mkate. Wengi husema huo ni ukaidi wa watu waliozoea nyama. Ukweli ni kwamba mtu huyo ana njaa. Sahani aliyopewa iliondolewa nyama, lakini mahali pa nyama hapakuwekwa kitu.

Hilo ndilo kosa linalofanya familia nyingi zijaribu kupunguza nyama kwa wiki moja tu kisha zirudi zilikotoka. Katika makala haya tutaeleza kwa nini hutokea hivyo, na jinsi ya kupika chakula kisicho na nyama ambacho hata mla nyama sugu ataomba aongezewe.

Ndanai iko katika eneo la Sotik, Kaunti ya Bomet, kwenye nchi ya majani chai inayoenea hadi Kericho. Kwa Wakipsigis wa huko, ng'ombe ni mali, maziwa ni chakula na nyama ni heshima. Wana wa Ndanai walio Nakuru, Nairobi au Eldoret wamehamia mjini na desturi hiyo. Mgeni akija na asikute nyama mezani, mwenyeji huona aibu. Lakini mjini nyama hununuliwa kwa kilo, bei yake hupanda kila mara, na mara nyingi daktari naye amekwisha kumwambia mzee wa nyumba apunguze.

Kwa nini upunguze?

Nyama si sumu. Ina protini nzuri, madini ya chuma ambayo mwili huyachukua kwa urahisi, na vitamini B12. Tatizo ni wingi wake na namna tunavyoila.

Mwezi Oktoba 2015, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza uamuzi wa wataalamu 22 kutoka nchi 10. Nyama iliyosindikwa, kama soseji, bekoni na hemu, iliwekwa katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Nyama nyekundu, yaani ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe, iliwekwa katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Wataalamu hao walisema kwamba kila gramu 50 za nyama iliyosindikwa zinazoliwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18.

Ugonjwa wa pili ni jongo, ule unaovimbisha kidole gumba cha mguu na kumfanya mtu mzima alie usiku. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004, ambao ulifuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa muda wa miaka 12, ulionyesha kwamba waliokula nyama na samaki kwa wingi walipata jongo zaidi. Mboga na maharagwe, ambayo watu wengi huyaogopa, hayakuongeza hatari hiyo. Waliotumia maziwa yasiyo na mafuta mengi walipata ugonjwa huo kwa uchache.

Kwa hiyo hakuna anayekwambia uache nyama kabisa. Siku mbili au tatu za wiki bila nyama zinatosha kuleta nafuu kwa mwili na kwa mfuko, mradi siku hizo zisiwe siku za njaa.

Nyama hutupa nini hasa?

Anayetaka kuondoa nyama kwenye sahani ni lazima kwanza ajue ilikuwa ikifanya kazi gani. Kazi zake ni nne.

Ya kwanza ni protini. Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 60 huhitaji gramu 50 hivi za protini kwa siku. Ugali wa unga gramu 150 na kikombe kimoja cha sukuma wiki humpa gramu 15 hivi. Ukiongeza kikombe kimoja cha maharagwe yaliyopikwa utapata gramu 15 nyingine, na konzi moja ya karanga itakupa gramu 7. Sasa sahani ileile ina zaidi ya maradufu ya protini iliyokuwa nayo mwanzo. Tena mahindi na maharagwe husaidiana, kwa sababu kile ambacho protini ya mahindi imekosa kimo katika maharagwe, na kile kilichopungua katika maharagwe kimo katika mahindi. Waliobuni githeri hawakuwa na maabara, lakini hawakukosea.

Ya pili ni mafuta. Mafuta hukaa tumboni kwa muda mrefu na hubeba ladha. Mboga iliyochemshwa kwa maji na chumvi haina mafuta, na ndiyo maana shibe yake hupita upesi. Karanga, maziwa, malai, tui la nazi, parachichi au vijiko vichache vya mafuta ya kupikia huziba pengo hilo.

Ya tatu ni ule utamu wa mchuzi ambao si wa sukari wala wa chumvi. Mwaka 1908 mwanasayansi wa Japani, Kikunae Ikeda, aligundua kinachouleta. Ni kemikali iitwayo glutameti, aliyoipata katika mwani wa baharini unaotumiwa na Wajapani kutengeneza supu. Kemikali hiyo imo pia kwenye nyama, na imo kwa wingi katika nyanya zilizoiva sana na katika uyoga. Kwa hiyo nyanya nne zilizopikwa hadi zikawa rojo zito hutoa kitu ambacho nyanya moja iliyokatiwa juu ya mboga haiwezi kutoa. Kukaanga nako hufanya kazi yake. Kitunguu kilichokaangwa polepole hadi kikawa na rangi ya kahawia huwa na harufu inayokaribia ile ya nyama choma, kwa kuwa moto hubadilisha sukari na protini zake kwa njia ileile.

Ya nne ni kutafuna. Nyama hulazimisha meno kufanya kazi, na mtu anayekula polepole hutambua mapema kwamba ameshiba. Chakula cha siku isiyo na nyama nacho kinapaswa kuwa na kitu cha kutafuna, kama maharagwe yasiyopondwa yote, chapati, mahindi, karanga nzima au ugali wa wimbi.

Maharagwe, njahi, ndengu na mbaazi yana jambo moja ambalo nyama haina, nalo ni nyuzinyuzi. Gramu 100 za maharagwe yaliyopikwa zina gramu 6 au zaidi za nyuzinyuzi. WHO hushauri mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Kwenye nyama hakuna hata gramu moja. Nyuzinyuzi ndizo zinazozuia kufunga choo, zinazopunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu, na zinazofanya shibe idumu.

Si mambo ya kigeni

Kuna wanaodhani chakula kisicho na nyama kililetwa na watu wa mjini wanaojipunguza uzito. Sivyo. Mwingereza A. C. Hollis, katika kitabu chake kuhusu Wanandi kilichochapishwa mwaka 1909, aliandika kwamba watu hao, ambao ni ndugu wa Wakipsigis, hawakuchanganya maziwa na nyama katika mlo mmoja. Aliyekunywa maziwa alingoja kabla ya kugusa nyama. Kwa hiyo hata katika jamii ya wafugaji kulikuwa na siku za maziwa na siku za nyama. Katika siku za maziwa watu walikula kimyet ya wimbi, mboga za kienyeji na mursik kutoka kwenye kibuyu, na hakuna aliyesema amelala njaa.

Mboga zenyewe bado zipo. Isagek, ambayo wengine huiita saga au mgagani, managu, kunde na majani ya maboga huuzwa katika masoko yote ya miji mikubwa. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha JKUAT ametumia miaka mingi kutafiti mboga hizi na kuwahimiza Wakenya wazirudie. Yeye mwenyewe alilelewa kwa mboga hizo, kwa kuwa mwili wake ulikataa maziwa, mayai na aina fulani za samaki tangu utotoni.

Anayetaka kuona wala nyama wakishiba bila nyama na aende Kericho mjini. Hekalu kubwa la Masingasinga lililoko huko hubeba jina la Baba Puran Singh, aliyeishi mjini humo kabla ya kuhamia Uingereza. Kama ilivyo desturi ya mahekalu yote ya dini hiyo, kila anayeingia hukaribishwa chakula bila malipo, awe wa dini yoyote au kabila lolote. Chakula hicho hakina nyama kamwe, ili kila mtu aweze kukila. Huwa ni dengu nzito, mboga, wali na chapati. Hapo siri si dini. Ni dengu iliyopikwa ikawa nzito, viungo vilivyokaangwa kwenye mafuta, na chapati ya kutafuna. Ukirudi juu utaona kwamba zile kazi nne zote zimetimizwa.

Pwani nako mbaazi za nazi na mahamri ni kifungua kinywa cha watu ambao jioni watakula samaki au nyama. Hakuna anayeona kwamba asubuhi hiyo amenyimwa kitu.

Chai na damu

Sasa tufike kwenye jambo ambalo huwasumbua hasa watu wa nchi ya majani chai. Madini ya chuma, ambayo hutengeneza damu, yamo katika maharagwe na mboga za majani. Lakini chuma cha mimea huchukuliwa na mwili kwa shida kuliko chuma cha nyama. Hapo ndipo chai inapoleta matatizo. Kemikali zinazoipa chai ukali wake hukamata chuma hicho tumboni na kukizuia kisiingie kwenye damu. Kikombe kimoja cha chai pamoja na mlo kinaweza kupunguza chuma kinachochukuliwa kwa zaidi ya nusu.

Mtu anayekula nyama kila siku huenda asiathirike sana. Lakini mama anayepunguza nyama nyumbani kwake na kuendelea kuteremshia maharagwe kwa chai anaweza kuwapunguzia damu binti zake bila kujua. Wanawake walio katika umri wa kuzaa na wasichana waliovunja ungo ndio walio hatarini zaidi, kwa sababu hupoteza damu kila mwezi. Dalili zake ni uchovu, kuhema unapopanda ngazi, kizunguzungu na viganja vilivyopauka.

Dawa ya jambo hili ni rahisi. Kunywa chai yako saa moja au zaidi baada ya chakula. Badala yake weka mezani kitu chenye vitamini C, ambayo hufanya kazi kinyume cha chai, yaani husaidia mwili kuchukua chuma. Chungwa, kipande cha papai, ndimu iliyokamuliwa juu ya maharagwe, au kachumbari ya nyanya mbichi vinatosha. Na unapoinywa hiyo chai, iache ipoe kidogo. Mwaka 2016 lile shirika la utafiti wa saratani lilitaja vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 kuwa huenda vikasababisha saratani ya koo la chakula, ugonjwa ambao hospitali ya Tenwek huko Bomet imeuhudumia kwa miaka mingi.

Vyakula vitatu vya kuanzia

Vipimo vifuatavyo ni vya watu sita.

1. Maharagwe kwa mchuzi wa karanga

Mahitaji: maharagwe makavu vikombe 2, vitunguu 2 vikubwa, nyanya 4 zilizoiva sana, kitunguu saumu punje 4, karanga zilizokaangwa na kusagwa nusu kikombe, mafuta vijiko 3 vya mezani, chumvi na ndimu.

Loweka maharagwe usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, kwani ndiyo yenye sehemu ya kile kinachojaza tumbo gesi. Weka maji mapya, chemsha kwa moto mkali kwa dakika zisizopungua 10, kisha punguza moto hadi yaive. Usiruke hatua ya moto mkali, kwa sababu maharagwe mekundu yasiyoiva vizuri yana sumu inayoweza kukutapisha.

Kaanga vitunguu polepole kwa dakika 15 hadi viwe na rangi ya kahawia. Tia kitunguu saumu, kisha nyanya, na upike hadi mafuta yajitenge. Mimina maharagwe pamoja na kikombe kimoja cha maji yake. Ponda kiasi cha robo ya maharagwe kwa mwiko ili mchuzi uwe mzito. Koroga karanga kwa maji ya vuguvugu, mimina, na uache vichemke kwa moto mdogo kwa dakika 10 huku ukikoroga, maana karanga hushika chini upesi. Kamulia ndimu unapoepua.

Chagua karanga zako kwa makini. Zile zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupe, kwa kuwa huweza kuwa na sumu kuvu inayodhuru ini.

2. Isagek au managu kwa maziwa

Mahitaji: mafungu 4 ya mboga, maziwa kikombe 1, malai robo kikombe, chumvi kidogo.

Chambua majani, yaoshe na uyachemshe kwa maji kidogo hadi yalainike. Kama ni machungu sana, mwaga maji hayo. Ongeza maziwa na upike kwa moto mdogo hadi yakaukie kwenye mboga, kisha tia malai. Mapishi haya huwa matamu zaidi yakilala. Yahifadhi kwenye friji na uyapashe moto vizuri siku ya pili. Kula kwa ugali wa wimbi. Gramu 100 za wimbi zina kalsiamu ya zaidi ya miligramu 300, mara kadhaa ya ile iliyo katika mahindi. Lakini usisahau protini. Weka pembeni mayai ya kuchemsha au bakuli la maharagwe.

3. Ndengu nzito na chapati

Mahitaji: ndengu vikombe 2, tangawizi kipande cha ukubwa wa kidole gumba, kitunguu saumu punje 4, nyanya 3, manjano nusu kijiko cha chai, bizari nyembamba kijiko 1 cha chai, kitunguu 1, mafuta vijiko 3, dania.

Chemsha ndengu hadi zianze kupasuka. Tia manjano, tangawizi, kitunguu saumu na nyanya, uache vichemke hadi mchuzi uwe mzito. Mwishoni pasha mafuta kwenye kikaango, tia bizari na kitunguu, na vikiwa vya kahawia vimwage juu ya ndengu na ufunike mara moja. Harufu hiyo ndiyo itakayowaleta watu mezani kabla hujawaita. Nyunyiza dania, pakua na chapati na kachumbari.

Tumia chumvi na vidonge vya mchuzi kwa uangalifu. Vidonge hivyo vina chumvi nyingi, na mtu mwenye shinikizo la damu hatafaidika kwa kuacha nyama ikiwa atakula chumvi mara mbili.

Namna ya kuanza bila ugomvi

Usitangaze kwamba kuanzia leo nyama imepigwa marufuku. Anza kwa kuchanganya. Pale ulipozoea kupika nyama kilo moja, pika robo kilo ndani ya maharagwe. Wiki zinazofuata, chagua siku mbili za kupika bila nyama kabisa, na siku hizo pika chakula kizuri kuliko kawaida. Wali wa nazi na mbaazi hausababishi manung'uniko. Ugali mkavu na kabeji iliyochemshwa utayasababisha, na kwa haki.

Kwa wanaofanya kazi, kilio kikubwa ni muda na gesi. Chemsha maharagwe ya wiki kwa mara moja siku ya Jumamosi, kwa sufuria ya presha ukiwa nayo. Yakipoa yagawe katika vyombo vidogo. Ya siku tatu weka kwenye friji, yaliyobaki yagandishe. Jioni utakuwa na kazi ya kukaanga tu, dakika 25 hivi. Epuka kutia magadi ili yaive upesi, maana huharibu vitamini B1 na kuongeza sodiamu.

Nani awe mwangalifu?

Watoto wa kati ya miezi 6 na 23 wana tumbo dogo na mahitaji makubwa. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2023 unashauri wapewe kila siku chakula kitokacho kwa wanyama, kama mayai, samaki au nyama. Usiwapunguzie hao kwa sababu baba ana jongo.

Mama mjamzito aendelee kumeza tembe za chuma anazopewa kliniki, hata akila mboga nyingi kiasi gani. Anayeacha vitu vyote vya wanyama, pamoja na maziwa na mayai, anahitaji vitamini B12 ya vidonge, kwa kuwa mimea haina vitamini hiyo. Aliyekwisha kuambiwa kwamba figo zake ni dhaifu amwone daktari au mtaalamu wa lishe kabla ya kuongeza maharagwe na karanga.

Kwa wengine wote, kipimo ni kile tulichoanza nacho. Saa moja baada ya chakula cha jioni, sikiliza kama kuna anayefungua kabati la jikoni. Akifungua, usimlaumu. Kesho ongeza maharagwe, tia karanga, kaanga kitunguu hadi kiwe cha kahawia, na chai iletwe baadaye.